Ngoma Iliyobaki Wazi Soko la Toi

Kikao cha kwanza cha kitheolojia cha bendi yetu kilifanyika nyuma ya nyumba ya Haboba, Kibera, wajumbe wakiwa wamekalia mikebe ya mafuta ya kupikia, na ajenda ilikuwa moja tu: je, ngoma ni ngozi, au ngoma ni mkono?

Wajumbe tulikuwa watatu. Kwanza mimi, Immaculate Nasipwondi, Mkatoliki, kidato cha tatu, niliyekuwa nyumbani kwa likizo ya Agosti baada ya kuondolewa kwenye kwaya ya shule kwa kosa la kuingiza ragga katika wimbo wa matoleo. Matoleo yaliongezeka siku hiyo, lakini masista hawakutaka kuujadili upande huo wa suala. Wa pili alikuwa Marjan, Mnubi wa Kibera, kinanda cha betri mapajani, mjukuu wa Haboba. Haboba ndilo jina Wanubi wanalomwitia nyanya, nasi sote tulimwita hivyo kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwita vingine. Wa tatu alikuwa Thuo, jirani yangu wa Gatina, Kawangware, kijana wa kilemba cheupe, ambaye hatima yake ndiyo iliyokuwa mezani, kama tungekuwa na meza.

Thuo alizaliwa katika Kanisa la Mlima wa Nuru, kanisa la mabati kule Gatina ambalo watu wake huvaa vilemba na kanzu nyeupe, na hawana chombo cha muziki ila ngoma na makofi. Baba yake ndiye aliyekuwa mpigaji wa ngoma hiyo mpaka alipofariki. Tangu hapo ilipigwa na yeyote, tena vibaya. Sasa Mzee Muiruri, kiongozi wa kanisa, alikuwa ametangaza kwamba Jumapili Thuo angewekewa mikono mbele ya watu wote na kukabidhiwa ngoma ya baba yake. Sijawahi kuona mtu akitaka kitu jinsi Thuo alivyoitaka ngoma ile. Akila, aliipiga kwenye sahani. Akiongea nawe, vidole viliipiga kwenye goti. Ukimshika vidole, ilihamia kwenye kisigino.

Shida ni kwamba shindano la vipaji la pale kando ya Soko la Toi lilikuwa Jumamosi, siku moja kabla. Na mpigaji wa Mlima wa Nuru haruhusiwi kuipigia dunia. Anayeipigia dunia hawekewi mikono.

"Basi tusiingie," nilisema. Mara mojamoja busara hunijia, kama homa, kisha hupita.

"Zii," Thuo akasema. "Nikishawekewa mikono, sitapiga kitu kingine maisha yangu yote. Hiyo ndiyo Jumamosi yangu ya mwisho, Imma. Unataka niipitishe nikifua kanzu?"

Hakuna aliyetaka aipitishe akifua kanzu.

Wimbo wetu ulikuwa karibu kamili. Chini yake Marjan aliweka doluka, ule mdundo ambao akina mama wa Kinubi huchezea harusini, akaukimbiza kwenye kinanda mpaka ukawa ragga bila mwenyewe kujua. Juu yake mimi niliimba litania, kama ile ya kanisani ambapo padri hutaja na waumini hujibu, ila mimi sikutaja watakatifu. Nilitaja mfereji usio na maji na shati la mtumba lenye jina la Mzungu kwenye kola, na watu walitakiwa kujibu, "Tukumbuke!" Kilichokosekana kilikuwa mwanzo. Marjan alijaribu mianzo ya kila aina, na kila mmoja ulisikika kama tangazo la sabuni.

Ndipo Thuo akapiga kwenye mkebe: mapigo matatu ya polepole, la tatu likichelewa kidogo, kama mtu aliyesita mlangoni. Kimya. Kisha mfululizo wa haraka unaopanda, unapanda, halafu unasimama ghafla.

Marjan akaondoa mikono kwenye kinanda. "Mazee. Hiyo umetoa wapi?"

"Hiyo ni kufungua," Thuo akasema, na akakaza macho chini.

Lazima nieleze, maana mambo yote yaliyofuata yanasimama juu ya jambo hili. Katika Mlima wa Nuru ibada haianzi kwa wimbo. Mpigaji huvua viatu, kisha anaifungua ngoma kwa mapigo yale. Kila muumini aliyesikia husimama, hufumba macho, huinua kiganja cha kulia, na hanyanyui mguu wala kufungua kinywa mpaka ngoma ifungwe. Hungoja. Mpigaji akiona imetosha, hutaja jina lake na la mama yake kwa sauti, kisha hupiga mapigo ya kufunga. Na hawezi kufungiwa na mwingine. Wao husema aliyebisha hodi ndiye anayeaga.

"Hiyo ndiyo beat yangu," Thuo akasema. "Zingine zote ni za watu. Hiyo tu ndiyo najua ni yangu."

Ndipo kikao kikaingia kwenye ajenda. Thuo alitetea hoja kwamba ngoma ni ngozi. Ngoma ya kanisa iliombewa na Mzee Muiruri. Ya Haboba, ambayo tungeiazima kwa shindano, ilikuwa ya harusi za Wanubi, ya mbuzi mwingine, ya mti mwingine, ya dini nyingine. Kwa hiyo mapigo yaleyale juu ya ngoma ya Haboba hayakuwa kufungua. Yalikuwa kelele nzuri.

"Na kama ngoma ni mkono?" nikauliza.

"Si mkono."

"Haboba!" Marjan akaita kuelekea dirishani. "Ngoma ni ngozi ama ni mkono?"

"Ngoma ni yangu!" Haboba akajibu kutoka ndani. "Mkaipashe moto kwa makaa, si kwa miali. Msiilaze ubavu. Na ikinyeshewa, mkalale kwa mama zenu!"

Kikao kikakubali msimamo wa Thuo kwa kura mbili, mimi nikijizuia.

"Na mwisho wa wimbo nitapiga kufunga," Thuo akaongeza.

"Kama hujafungua," Marjan akasema, "unafunga nini?"

"Ni kwa usalama tu."

"Huo si usalama, buda. Huo ni ushahidi."

Jumamosi ilifika ya baridi, wingu limekaa juu ya Ngong Road kama mfuniko. Thuo alikuwa amefanya hesabu zake. Mama yake, Nduta, aliuza nguo za watoto Toi, pamoja na akina mama wengine wa kanisa lao. Lakini kesho yake ikiwa siku ya kuweka mikono, wangekuwa Gatina mchana kutwa wakifagia kanisa na kupaka kuta chokaa. Tulitembea kutoka kwa Haboba tukiwa na amani. Njiani Thuo alivuta kofia ya sufu juu ya kilemba ili asitambulike, kichwa chake kikawa kama sufuria ya githeri iliyofunikwa. Nilimwambia hivyo. Hakucheka. Alikuwa anatembea mbele yetu, anasimama, anarudi, anatangulia tena.

"Tulia," Marjan akamwambia.

"Nimetulia."

"Umetuzunguka kama mbwa wa kuchunga."

Jukwaa lilikuwa mgongo wa lori lililoegeshwa kwenye uwanja wa vumbi, na spika mbili kubwa kama kabati zilitazama moja kwa moja kuelekea sokoni. Mtangazaji alikuwa jamaa mmoja aitwaye Oketch, mwenye filimbi shingoni na miwani ya jua siku isiyo na jua. Aliposoma majina yetu alituangalia mmoja mmoja: msichana mwenye rozari, Mnubi mwenye kofia ya kufuma, na sufuria ya githeri.

"Nyinyi ni bendi ama ni mkutano wa amani?" akauliza kwenye maikrofoni. Watu wakaangua kicheko.

Thuo akavua viatu. Sidhani alijua kwamba amevivua. Akapiga.

Nimesimama mbele ya watu mara nyingi, mara nyingine kwa kulazimishwa na mwalimu wa zamu, lakini sijawahi kusikia watu wengi namna ile wakinyamaza kwa pamoja. Moja. Mbili. La tatu likachelewa, na nikahisi uwanja mzima ukilisubiri. Kisha ule mfululizo ukapanda, ukakatika, na Marjan akaingia na doluka kama maji ya bomba lililopasuka. Vijana wakaruka. Mwanamke wa Kinubi aliyekuwa akipita na beseni akaliweka chini na kucheza, bila kutuomba ruhusa.

"Ewe mfereji usio na maji!"

"Tukumbuke!"

"Ewe shati la Bwana Robert, marehemu au mzima!"

"Tukumbuke!"

Sikujua kama tungeshinda, wala sikujali. Thuo alikuwa amefumba macho nyuma yangu, mikono yake ikienda mahali ambapo hatukuwa tumefanyia mazoezi, nasi tukimfuata. Ubeti wa mwisho ulikuwa umebaki, kisha kufunga, kisha makofi. Filimbi ikalia.

"Asanteni, asanteni! Kanisa na msikiti zimekuwa fiti, sasa tuamke!" Oketch akasema, na kundi la wacheza dansi wenye suruali za kung'aa likapanda lorini kabla hatujashuka. Mmoja akainyanyua ngoma ya Haboba na kumpitishia Marjan chini kama kreti ya soda.

"Bado!" Thuo akasema, mikono ikiwa bado hewani.

"Bado nini, kijana? Shuka."

Akashushwa. Nyuma ya lori watu walitupiga mabega, wakatuita maneno ambayo ningependa kuyaandika kwenye ripoti yangu ya shule. Thuo hakusikia hata moja.

"Sijafunga."

"Si ulisema hukufungua?" nikamwambia.

"Imma, sijafunga."

Marjan, akiwa na njaa ya msanii, alikwenda kutafuta mahindi choma upande wa soko. Alirudi mikono mitupu, na hakuwa anatabasamu, jambo ambalo kwa Marjan ni kama mtu kurudi bila pua.

"Thuo, kuja uone kitu. Lakini usikimbie."

Alikimbia. Tukamfuata, mimi nimebeba viatu vyake, Marjan amekumbatia ngoma.

Kumbe akina mama wa Mlima wa Nuru walikuwa wamefagia kanisa lao alfajiri, wakapaka chokaa upesi, wakaja sokoni kama kawaida, kwa sababu kulikuwa na robota jipya la nguo za watoto lililofunguliwa siku hiyo. Na sasa walikuwa wamesimama. Watano, kila mmoja nyuma ya rundo lake, vilemba vyeupe juu ya nguo za rangi zote, macho yamefumbwa, viganja vya kulia vimeinuliwa. Soko lilikuwa linawazunguka kama mto unavyozunguka mawe.

"Mama, hii sweta ni ngapi?" mteja alikuwa akiuliza. "Mama? Unaniringia?"

"Hawaongei," akasema Musimbi, muuzaji wa mashuka wa meza ya pili, ambaye alikuwa ameacha biashara yake na kushika fimbo ya kuanikia. "Wameshikwa tangu ile ngoma ilie. Wewe! Rudisha hiyo suruali! Unafikiri kwa sababu wamefumba macho, mimi pia nimefumba?"

Jamaa mmoja wa koti refu alikuwa anachagua nguo za watoto kwa utulivu wa mtu asiyetarajia kulipa. Musimbi akamchapa mkononi. Jamaa mwingine akaja upande wa pili. Musimbi alikuwa mmoja tu.

Nduta alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Kiganja chake kilikuwa kimeanza kuinama kwa uchovu. Mbele yake, juu ya gunia, kulikuwa na rundo la nguo nyeupe za ubatizo, zile zinazochafuka hata ukizitazama vibaya. Na hapo manyunyu yakaanza.

Tulijificha nyuma ya makoti yaliyotundikwa. Thuo alikuwa amekunja kofia ya sufu mkononi, anaipinda, anaipindua. Kilemba chake kilikuwa kimelegea.

"Piga kutoka hapa," Marjan akanong'ona. "Nyuma ya makoti. Watasikia, watafungua macho, tutahepa."

"Lazima nitaje jina."

"Taja polepole."

"Lazima walisikie. La sivyo, haijafungwa."

Akaangalia upande wa barabara, kule njia ya Kawangware ilikoanzia. Nilimwona akiangalia. Kama angeondoka wakati ule, kesho angewekewa mikono. Hakuna mtu wa kanisa aliyekuwa amemwona. Wangesimama mpaka nani awaambie nini, sijui. Labda mpaka usiku. Labda Mzee Muiruri angeitwa na kutafuta kifungu cha Biblia cha kuwaachilia.

"Nitaenda mimi," nikasema. "Nitasema ni mimi niliyepiga. Immaculate, binti ya Bridgit, Mkatoliki aliyepotea. Wataamini. Kila mtu huamini mabaya juu yangu, nimejenga jina hilo kwa miaka."

Na nilimaanisha. Ingekuwa kazi yangu kubwa kuliko zote, na kwa mara ya kwanza ingekuwa na faida kwa mtu.

Thuo akanitazama kama mtu anayelifikiria jambo hilo kweli. Vidole vyake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, vilikuwa vimetulia kabisa.

"Lakini wewe hukufungua," akasema. "Utataja jina lako na ngoma itabaki wazi. Wao watakaa chini, na mama atajua tu haijafungwa. Atakaa nayo hivyo."

Akamnyang'anya Marjan ngoma. Hakungoja kupewa.

Akatoka kati ya makoti akiwa miguu mitupu kwenye matope mepesi, akapita mbele ya Musimbi, akasimama mahali ambapo wote watano wangekuwa mbele yake kama wangefungua macho. Akakifunga kilemba chake vizuri kwanza. Mteja wa sweta akasema, "Huyu si ndiye wa kwa lori?" na Musimbi akamwambia nyamaza.

"Nimefungua mimi," Thuo akasema. Akaanza upya, kwa sauti zaidi. "Nimefungua mimi, Thuo, mwana wa Nduta. Ninafunga."

Akapiga kufunga. Sikuwa nimewahi kuyasikia mapigo hayo. Ni kama kufungua kunaporudi nyumbani: mfululizo unashuka badala ya kupanda, kisha mapigo matatu, na lile la tatu halichelewi. Ngozi ilikuwa imeanza kulowa na mlio ulikuwa mzito, lakini ulitosha.

Macho yakafunguka. Viganja vikashuka. Jambo la kwanza ambalo Nduta alifanya lilikuwa kuvuta karatasi ya nailoni na kufunika nguo za ubatizo. Akina mama wengine wakafunika zao. Mmoja akamkamata yule jamaa wa koti refu kwa kola bila neno lolote na kutoa magauni mawili ndani ya koti lake. Ilikuwa baada ya nailoni kuwekewa mawe pembe zote nne ndipo Nduta alipomgeukia mwanawe.

"Nilikujua kwa pigo la tatu," akamwambia. "Unachelewa hapo kama baba yako."

"Mami..."

"Nilisimama nikiuliza kama utakuja."

"Ungejuaje kama ningekuja?"

"Sikujua," Nduta akasema. "Si ndiyo sababu nilikuwa nauliza." Akakusanya maji ya mvua usoni kwa kiganja na kuyapangusa kwenye kanzu. "Hiyo ngoma ni ya nani?"

"Ya nyanya wa Marjan. Ya harusi."

Akaigusa ngozi, akatikisa kichwa. "Mmeinyeshea. Iwekeni chini ya nailoni, nyinyi wawili mnaojificha kwa makoti. Na wewe, vaa viatu. Tunaenda kwa Mzee."

Walikwenda Gatina jioni ileile. Mimi sikualikwa, hivyo nilisikiliza kutoka upande wa pili wa ukuta wa mabati wa nyumba ya Mzee, ambao kwa bahati ni ukuta wa ploti yetu.

"Alifunga?" Mzee Muiruri aliuliza.

"Alifunga," Nduta akajibu.

"Vizuri?"

"Vizuri sana."

Mtoto fulani alilia mahali, akanyamazishwa.

"Basi Roho hana neno naye," Mzee Muiruri akasema. "Lakini mimi nina sheria, na sheria nilimwekea baba yake vilevile. Kesho sitaweka mikono."

"Mpaka lini?" Hiyo ilikuwa sauti ya Thuo.

"Nikijua nitakwambia."

Nduta hakubisha. Nilingoja abishe. Niliweka sikio mpaka bati likanichora shavuni.

Jumapili mimi na Marjan tulisimama nje ya ua wa kanisa lao. Marjan alikuwa ameamka mapema kukwepa Haboba, ambaye alikuwa ameshaiona ngozi. Ndani, ngoma ya baba yake Thuo ilikuwa imewekwa mbele bila mtu, na kwa kuwa hakukuwa na mpigaji, Mzee Muiruri aliivulia viatu na kuifungua mwenyewe. Aliharakisha pigo la tatu. Kupitia ufa niliona migongo myeupe ikisimama, viganja vikipanda. Thuo alikuwa katika safu ya wanaume, kiganja cha kulia juu kama wengine. Mkono wa kushoto ulikuwa pajani, na vidole vyake vilikuwa vinakwenda kasi.

Baadaye alitoka, akaketi nasi kwenye jiwe kando ya mtaro. Hakuvaa kofia ya sufu.

"Tulipata namba ngapi?" akauliza.

"Tatu," Marjan akasema. "Wale wa suruali za kung'aa ndio walishinda. Oketch anasema tukirudi mwezi ujao tusiwe na ubeti mrefu."

"Kufungua sitapiga tena huko."

"Tunajua."

"Basi wimbo hauna mwanzo."

"Tutatafuta."

"Ule wa sabuni?" nikauliza, na Marjan akanisukuma mpaka karibu nianguke mtaroni.

Thuo hakucheka, lakini kisigino chake kilikuwa kimeanza. Kwanza nilifikiri ni ileile ya kufungua. Nikasikiliza. Haikuwa na mapigo matatu. Ilikuwa na kitu kama doluka iliyojikwaa, kisha mahali ambapo alisimama, akarudia, akakosea, akasonya, akaanza tena kutoka upande mwingine.

"Hiyo ni nini?" Marjan akamwuliza.

"Sijui," Thuo akasema. "Nyamazeni kidogo. Inataka kupotea."